Nani Amlipe Mfamasia Asiyeuza?

Mwaka 1990 Wamarekani wawili, Charles Hepler na Linda Strand, waliandika kwamba wajibu wa mfamasia hauishii pale dawa inapotoka mkononi mwake, bali unaendelea hadi ijulikane dawa hiyo imemfanyia nini mgonjwa. Tangu hapo hoja yao haijapata mpinzani wa maana katika taaluma. Imeingia katika mitaala, katika miongozo ya Shirika la Afya Duniani na katika hotuba za mahafali. Hata hivyo, mteja anayeingia famasi ya Kariakoo au ya Mwanjelwa leo hukutana na shughuli ile ile ya miaka yote: anataja dawa au anatoa cheti, anaambiwa bei, anakabidhiwa bahasha iliyoandikwa 1×3, anaondoka. Pengo hili kati ya nadharia na kaunta huelezwa mara nyingi kwa lugha ya maadili, kwamba wafamasia wamependa fedha kuliko wagonjwa, au kwa lugha ya mafunzo, kwamba hawakufundishwa kuzungumza na watu. Maelezo yote mawili yana ukweli kidogo na yote mawili yanakwepa jambo kubwa zaidi. Mfamasia wa famasi binafsi hulipwa kwa kuuza, na kwa kuuza tu. Mpaka malipo hayo yatakapobadilika, uangalizi wa mgonjwa utabaki kuwa hisani inayotolewa siku ambayo foleni ni fupi.

Thamani ya uangalizi huo ni rahisi kuipuuza kwa sababu unapofanikiwa hakuna kinachoonekana. Chukua mgonjwa wa presha aliyeanzishiwa amlodipini. Baada ya wiki kadhaa vifundo vya miguu vinavimba. Hayo ni maudhi yanayofahamika vizuri ya dawa hiyo. Hayatokani na moyo wala figo. Lakini mgonjwa haendi kwa daktari yule yule aliyemwandikia. Anakwenda kituo kingine, analalamika miguu, anapewa furosemaidi ili apunguze maji mwilini. Sasa anakojoa usiku kucha, anapoteza potasiamu, na uvimbe haupungui sana kwa kuwa chanzo chake si wingi wa maji mwilini. Dawa ya pili inatibu dawa ya kwanza, na ya tatu haiko mbali. Daktari wa pili hakukosea kwa uzembe, kwani hakuwa na orodha ya dawa zote mbele yake. Mtu ambaye angeweza kuwa nayo ni yule anayeuza zote mbili, na swali moja tu, kwamba uvimbe ulianza lini na dawa ya presha ilianza lini, lingetosha kumrudisha mgonjwa kwa daktari wake wa mwanzo akiwa na maelezo yanayosaidia.

Mifano ya aina hii haina uhaba katika mazingira yetu. Dawa mseto ya malaria, ambayo Tanzania iliifanya tiba ya kwanza mwaka 2006, ina masharti ambayo bahasha haiwezi kuyabeba: mtu mzima humeza vidonge vinne mara sita ndani ya siku tatu, dozi ya pili ikifuata saa nane baada ya ile ya kwanza, na chakula chenye mafuta kinahitajika ili lumefantrini, mojawapo ya dawa zilizomo, ifyonzwe vya kutosha. Mgonjwa aliyepata nafuu siku ya pili na kuhifadhi vidonge vilivyobaki kwa ajili ya homa ya mtoto anafanya jambo lenye mantiki kamili kwa mtu ambaye hakuelezwa. Mama mjamzito anayetumia dawa za kupunguza makali ya VVU zenye dolutegraviri hupewa pia vidonge vya madini ya chuma kliniki. Madini hayo huishika dolutegraviri tumboni na kuizuia isiingie mwilini, isipokuwa vyote vimezwe pamoja na chakula au dolutegraviri itangulie kwa saa mbili. Kila kidonge kimeandikwa kwa usahihi na kimetolewa kwa usahihi, na kosa limezaliwa kati ya madirisha mawili. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2003 ilikadiria kwamba hata katika nchi tajiri ni wastani wa nusu tu ya wagonjwa wa maradhi ya kudumu wanaofuata matibabu yao ipasavyo. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya fedha inayotumika kununua dawa hupotea baada ya dawa kununuliwa, mahali ambapo mfumo wa malipo hauna jicho.

Hapo ndipo swali la pesa linapojitokeza. Mtu mwenye presha anayetumia kaptoprili na dawa ya kukojoza anaingia famasi akiuliza diklofenaki kwa maumivu ya mgongo. Kwa mtu huyu, mchanganyiko wa dawa hizo tatu unaweza kuziumiza figo, na diklofenaki peke yake inaweza kuipandisha presha anayojitahidi kuishusha. Jibu sahihi la kitaaluma ni kutomuuzia, kumpa parasetamoli ya bei ya chini na kutumia dakika kumi kumweleza kwa nini. Katika hesabu za duka, jibu hilo ni hasara mara tatu: mauzo yamepotea, muda umepotea, na mteja anaweza kwenda duka la jirani akapewa alichotaka bila mahubiri. Kutarajia kwamba taaluma nzima itachagua hasara hiyo kila siku, kwa miaka, huku kodi ya pango ikisubiri, ni kuijenga sera juu ya utakatifu wa watu. Historia inajua jambo hili tangu zamani. Katika karne ya 13 sheria za Mfalme Frederick wa Pili huko kusini mwa Italia zilimtenga tabibu na muuza dawa na kuwakataza kushirikiana kibiashara, ili anayeandika dawa asifaidike na kuuzwa kwake. Utengano huo, ambao nchi nyingi ziliurithi, ulitatua nusu ya tatizo. Ulimwondoa tabibu katika faida ya dawa, ukamwacha mfamasia ndani yake peke yake.

Je, mfamasia anayelipwa bila kuuza huleta tofauti inayopimika? Ushahidi wenye nguvu zaidi ninaoufahamu unatoka mahali pasipotarajiwa, maduka ya vinyozi ya Los Angeles. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2018, wanaume weusi 319 wenye presha isiyodhibitiwa, wateja wa maduka 52 ya vinyozi, waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilitembelewa na wafamasia pale pale dukani kwa kinyozi. Wafamasia hao waliwapima, waliwaandikia dawa chini ya makubaliano na madaktari wao, na walifuatilia damu na maudhi. Kundi la pili lilihimizwa na vinyozi kubadili mtindo wa maisha na kumwona daktari. Baada ya miezi sita kipimo cha juu cha presha kilishuka kwa wastani wa milimita 27 za zebaki katika kundi la kwanza na 9.3 katika la pili. Waliofikia kiwango cha chini ya 130/80 walikuwa asilimia 63.6 dhidi ya 11.7. Ni tofauti ambayo dawa mpya ikiileta, kampuni yake hutajirika, lakini hapa dawa zilikuwa za kawaida. Ni kweli kwamba wafamasia hao walifunzwa maalumu, walilipwa na fedha za utafiti na walifanya kazi katika nchi yenye maabara karibu, kwa hiyo namba hizi haziwezi kuhamishiwa Tandale au Kisumu kama zilivyo. Kinachohamishika ni utaratibu: mtaalamu wa dawa alimfuata mgonjwa mahali anapopatikana, akawa na ruhusa ya kubadili dozi, na kipato chake hakikutegemea idadi ya vidonge vilivyotoka.

Uingereza imejaribu kuufanya utaratibu huo kuwa wa kudumu, na uzoefu wake una faida kwetu hasa kwa sababu haukuwa mzuri wote. Tangu Oktoba 2011 famasi za England hulipwa kwa kumfuatilia mgonjwa aliyeanza dawa mpya ya maradhi ya kudumu, kwa mazungumzo mafupi katika wiki za mwanzo. Tathmini ya kisayansi ilionyesha kwamba baada ya wiki kumi, wagonjwa waliokuwa wakifuata dawa zao walikuwa takribani asilimia 71 kwa waliofuatiliwa na 61 kwa wengine. Lakini huduma nyingine iliyotangulia, ya kupitia upya dawa zote za mgonjwa, iliyoanza mwaka 2005 na kulipiwa pauni 28 kwa kila mgonjwa hadi wagonjwa 400 kwa mwaka kwa kila famasi, ilipata sifa mbaya. Kikomo kiligeuka shabaha. Wamiliki wa maduka waliwashinikiza wafamasia wafikishe 400, na mazungumzo yakafanywa na waliokuwa karibu badala ya waliohitaji. Huduma hiyo ilisitishwa mwaka 2021. Wapinzani wa malipo ya huduma wana haki ya kuishika hadithi hii: ukimlipa mtu kwa kila kikao, utanunua vikao. Jibu langu ni kwamba huduma mbili zile zilitofautiana katika jambo moja la msingi. Ile iliyofaulu ilifungwa kwa tukio la kitabibu, yaani kuanza kwa dawa mpya, na ina mwisho. Ile iliyoshindwa ilifungwa kwa hesabu ya mwaka. Namna malipo yanavyosanifiwa ndiyo inayoamua.

Pingamizi zito zaidi kwa Tanzania ni la idadi. Wafamasia wamejazana mijini, na mkazi wa kijijini Namtumbo hukutana na duka la dawa muhimu ambalo mtoa dawa wake alisomea kozi fupi. Kudai uangalizi wa kifamasia kwa nchi ya namna hii, wataalamu wengine watasema, ni anasa. Lakini historia ya maduka hayo yenyewe inapinga hitimisho hilo. Mpango ulianza Ruvuma mwaka 2003, ukiyageuza maduka ya dawa baridi, ambayo mengi yaliuza yasichoruhusiwa kuuza, kuwa maduka yaliyosajiliwa, yenye watoa dawa waliofunzwa, kumbukumbu na ukaguzi, kisha ukaenea Tanzania Bara yote. Funzo lake ni kwamba mtu asiye mfamasia anaweza kutoa dawa kwa usalama wa kutosha pale anapokuwa na mipaka inayoeleweka na mtu wa kumuuliza. Sehemu ya pili ndiyo iliyolegea. Ukaguzi hufika, huangalia leseni na tarehe za kuisha kwa dawa, huondoka. Mfamasia mmoja wa wilaya anayelipwa kuwa nyuma ya maduka ishirini kupitia simu na ziara, akijibu maswali, akipitia daftari la antibiotiki, akipokea taarifa za maudhi na kuzipeleka Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), angekuwa na wagonjwa wengi kuliko mwenzake wa Posta jijini Dar es Salaam anayepanga maboksi. Uhaba wa wafamasia ni sababu ya kuacha kuwatumia kama wauzaji.

Kuhusu madaktari wanaohofia kwamba mfamasia atajifanya tabibu, hofu hiyo ina msingi katika maduka ambako kila homa inayoletwa hutoka na antibiotiki. Lakini mwenendo huo umeletwa na kuuza. Mfamasia asiyepata chochote kwa kutoa amoksisilini ana sababu moja tu iliyobaki ya kuitoa, nayo ni kwamba inahitajika. Mipaka iandikwe: habaini ugonjwa mpya, harekebishi dozi bila makubaliano ya maandishi na kituo, na kila anachobadilisha kinaandikwa kwenye daftari la mgonjwa ambalo daktari ataliona. Makubaliano ya aina hiyo na madaktari yalikuwepo Los Angeles.

Linabaki swali la mfuko. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 itaufanya mfuko wa bima kuwa mnunuzi mkubwa wa dawa kwa wagonjwa ambao awali walilipa taslimu, na mnunuzi mkubwa huweka masharti. Kwa sasa mazoea ya bima ni kulipa bei ya dawa iliyotolewa, hivyo famasi iliyomkatalia mgonjwa dawa yenye madhara haipati senti. Ingewezekana kuanza na vipengele vitatu tu: dawa mpya ya presha, dawa mpya ya kisukari, na mgonjwa anayetumia dawa tano au zaidi. Kwa kila kimoja kungekuwa na malipo ya mara moja ya ufuatiliaji hata kama matokeo yake ni kupunguza dawa, na mkaguzi angechagua majina machache kila robo mwaka na kuwapigia simu wagonjwa wenyewe kuwauliza walielezwa nini. Fedha zitatoka wapi si fumbo kubwa: mfuko huo huo ndio unaolipia furosemaidi isiyohitajika, dozi zilizokatishwa na kulazwa kwa wagonjwa wenye figo zilizoharibiwa na diklofenaki. Atakayesema gharama hazijulikani atakuwa sahihi, na njia ya kuzijua ni kuujaribu mpango huu katika mkoa mmoja kabla ya kuueneza, kama ilivyofanyika Ruvuma.