Kabla Yako, Kuna Mtu Alishapewa Ufunguo wa Ruta Yenu

Hebu fanya hivi kabla hujaendelea kusoma. Nenda pale sebuleni, kwa ile ruta iliyo kando ya TV, igeuze juu chini usome kibandiko. Kuna jina la waifai na pasiwadi yake. Hizo unazijua, maana kila mgeni akifika ndizo anaulizia kabla hata ya chai. Lakini mara nyingi kuna mistari mingine miwili ambayo hakuna mtu kwenu amewahi kuisoma: jina na pasiwadi ya kuingia ndani ya ruta yenyewe. Kwa ruta nyingi za zamani, maneno yote mawili ni "admin".

Hiyo "admin" ina historia, wasee, na si ndogo.

Nianze na yangu. Mwaka juzi fundi alikuja kwa ploti yetu kutuwekea intaneti. Akatoboa ukuta, akavuta waya, akapachika ruta, akaenda. Siku hiyo hiyo nikabadilisha pasiwadi ya waifai, nikajiona mjanja. Miezi kadhaa baadaye nikataka kumpunguzia brathangu spidi, kwa sababu gemu zake zilikuwa zinakula mtandao wote. Nikaingia ndani ya ruta kwa yale maneno ya kibandiko, bila kutoa jasho. Lakini kurasa zingine zikakataa kufunguka. Nikapigia huduma kwa wateja. Dada wa watu akaniambia kwa upole kwamba kuna akaunti nyingine, ya kampuni, na hiyo hawapeani.

Nikakata simu nikabaki nikiangalia ukuta. Kumbe ndani ya nyumba yetu, kwa kifaa kinachokula stima yetu, kuna mtumiaji mwenye nguvu kuliko mamangu anayelipa bili kila mwezi. Sikuwa nimemwona, na sikujua pasiwadi yake inajulikana na wangapi.

Sasa, hizi akaunti zilitoka wapi?

Zilianza kama urahisi. Intaneti ya kasi ilipoanza kuingia majumbani miaka ya mwanzo ya 2000, viwanda vilikuwa vinatoa modemu na ruta kwa mamilioni. Kuipa kila moja pasiwadi yake ni gharama: kibandiko tofauti, kumbukumbu tofauti. Kuzipa zote neno moja ni bure. Mteja akikwama, mtu wa huduma anamwambia kwa simu, "andika admin, halafu admin tena," na shida imeisha. Kampuni za intaneti nazo zilitaka mlango wa kuingilia kutoka mbali, ili zisitume fundi kila mara mtu akikosa mtandao. Yote hayo yana maana. Ni kama landilodi anunue kufuli mia moja zinazofunguliwa na ufunguo mmoja. Kwake ni nafuu. Balaa ni siku mtu mwingine akichonga ufunguo huo.

Siku hiyo haikukawia. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Masaryk huko Brno, Jamhuri ya Czech, walitangaza kwamba wamenasa programu mbaya inayoishi ndani ya ruta za nyumbani. Ndani ya kodi yake kulikuwa na maneno ya Kiitaliano yenye maana ya "kwa jina la Chuck Norris", kwa hivyo ikaitwa Chuck Norris. Lakini hii haikuvunja mlango kwa teke kama kwa sinema. Mara nyingi ilijaribu tu pasiwadi za kiwandani, na ruta zikafunguka.

Brazil ndiko utani uliishia. Kuanzia 2011 wahalifu walitumia kasoro ya modemu za nyumbani iliyowapa pasiwadi ya msimamizi, wakaingia na kubadilisha kitu kimoja: DNS. Fikiria DNS kama kamagera wa steji. Wewe unataja unakoenda, yeye anakuonyesha gari. Sasa kamagera awe mwizi. Unaandika jina sahihi la benki yako, unapandishwa gari lingine kabisa, na unaweka siri zako mwenyewe kwa ukurasa wa uongo. Modemu milioni 4.5 zilivamiwa hivyo. Kompyuta yako inaweza kuwa safi kabisa na bado ukaibiwa, kwa sababu ugonjwa uko kwa kale kasanduku kenye taa.

Halafu 2012 mtu mmoja asiyejitaja jina akaamua kuhesabu intaneti nzima ya dunia. Alipata wapi mashine za kazi kubwa hivyo? Kwa watu. Alitumia vifaa karibu 420,000 vilivyofunguka kwa root na root, au admin na admin, au bila pasiwadi yoyote. Mwaka 2013 alichapisha matokeo, akasema hakukusudia kuharibu kitu. Lakini wazia hesabu hiyo: vifaa laki nne na ushee vilifanya kazi ya mtu mwingine, na wenyewe walikuwa wanaangalia TV.

Mpaka hapo unaweza kusema, basi watu wabadilishe pasiwadi, stori imeisha. Haijaisha, kwa sababu kuna akaunti na milango ambayo hata ukibadilisha pasiwadi yako, yenyewe haijali.

Oktoba 2013, Craig Heffner, Mmarekani anayependa kufungua programu za ruta na kusoma yaliyomo, alikuta ndani ya baadhi ya ruta za D-Link mfuatano wa herufi usioeleweka. Kivinjari kikijitambulisha kwa herufi hizo, ruta inakuruhusu uingie bila kuuliza pasiwadi. Akazisoma kinyumenyume. Zikatoa namba 04882, jina Joel, na neno la Kiingereza lenye maana ya mlango wa nyuma. Yaani mtu alijenga mlango wa siri, akauandika jina.

Miezi miwili baadaye, Krismasi, Mfaransa Eloi Vanderbeken alikuwa kwa familia mashambani, na intaneti ilikuwa ya kusuasua. Alitaka kupunguzia watu wa nyumba mtandao ili naye apate wake. Sikiza, hata mabingwa wana mabrathe wa gemu! Shida ni kwamba alikuwa amesahau pasiwadi ya ruta yake ya Linksys. Akaanza kuipapasa, akakuta inasikiliza kwenye mlango namba 32764, ambao haukuelezwa popote. Akachambua programu ya ndani ya ruta mpaka akaelewa: ukijua lugha ya mlango huo, ruta inakupa mipangilio yake yote, pasiwadi zikiwemo, bila kukuuliza wewe ni nani.

Alipotangaza Januari 2014, watu wengine wakajaribu kwao na kukuta mlango ule ule kwa ruta za Netgear na Cisco. Majina tofauti dukani, lakini nyuma yake kulikuwa na mtengenezaji mmoja, Sercomm. Na sehemu iliyonikera zaidi ni hii. Marekebisho yakatolewa. Aprili 2014 Vanderbeken akayachunguza, akakuta mlango haujaondolewa. Ulikuwa umefichwa tu, ukingoja ujumbe maalum ili ufunguke tena. Hapo huwezi kuniambia ilikuwa kusahau.

Sasa tufike 2016, mwaka ambao dunia ililipa bili ya uzembe huo wote.

Vijana watatu wa Marekani, Paras Jha, Josiah White na Dalton Norman, walikuwa kwa biashara ya seva za Minecraft. Ndiyo, ile gemu. Seva ya mpinzani ikianguka, wachezaji wanahamia kwako, na kuna pesa ya kuuzia watu ulinzi. Wakatengeneza Mirai, programu iliyozunguka intaneti ikibisha hodi kwa ruta na kamera za ulinzi. Silaha yake ilikuwa orodha ya majina na pasiwadi za kiwandani, jozi sitini hivi. Zinatosha kwa ukurasa mmoja wa daftari. Kwa orodha hiyo Mirai ilifikia vifaa kama 600,000 ilipokuwa juu kabisa.

Na kwenye orodha hiyo, pasiwadi ya kiwandani na akaunti iliyofichwa zikakutana. Kamera nyingi zenye vipande vya kampuni ya China iitwayo XiongMai zilikuwa na akaunti ambayo mwenye kamera hakuweza kuiona wala kubadilisha pasiwadi yake kupitia ukurasa wa kawaida wa mipangilio. Mtu angefuata ushauri wote, abadilishe pasiwadi yake, na bado Mirai ingeingia. Ukizima na kuwasha kifaa, Mirai ilifutika, lakini ilirudi ndani ya dakika chache kwa sababu ufunguo ulikuwa ule ule.

Mwisho wa Septemba 2016 waliimwaga kodi hadharani, kila mtu achukue. Oktoba 21 kampuni ya DNS iitwayo Dyn ikashambuliwa, na Twitter, Netflix na Spotify zikawa hazipatikani kwa watu wengi Marekani.

Lakini mimi kisa kinachonikaa rohoni ni cha Liberia, kwa sababu ni bara letu. Mwingereza Daniel Kaye alilipwa na afisa wa kampuni moja ya simu huko ili ashambulie mpinzani wao, Lonestar. Akachukua kodi ya Mirai, akajitengenezea jeshi lake, na kufikia Novemba 2016 wateja wa Lonestar walikuwa wanakatiwa mtandao. Mwezi huo huo jeshi lake likijaribu kujiongezea ruta, karibu ruta 900,000 za wateja wa Deutsche Telekom huko Ujerumani zikazima. Hizo hata hazikuambukizwa. Zililemewa na hodi tu. Januari 2019 mahakama ya London ilimfunga miezi 32. Wale vijana wa Mirai walikiri makosa 2017, wakasaidia FBI, wakapewa miaka mitano ya uangalizi na saa 2,500 za kazi za jamii.

Ona mpangilio wa hukumu. Aliyeingia alishtakiwa, na ni haki. Lakini aliyetengeneza mamilioni ya milango yenye ufunguo mmoja ilibidi asubiri sheria mpya. California ilipitisha ya kwanza 2018, ikaanza kufanya kazi Januari 1, 2020: kila kifaa kiwe na pasiwadi yake, au kikulazimishe kuweka yako kabla ya kutumia. Uingereza ikafuata Aprili 29, 2024, na kampuni inayokaidi inaweza kutozwa hadi pauni milioni 10 au asilimia 4 ya mapato yake ya dunia nzima. Ghafla vibandiko tofauti vikawezekana. Kumbe tangu zamani vingewezekana.

Kwetu Kenya, sheria ya makosa ya mitandao ya 2018 inamwandama anayeingia bila ruhusa: hadi shilingi milioni 5, au miaka mitatu ndani, au vyote viwili. Sawa. Lakini tunaishi kwa ploti ambapo nyumba nne zinachangia waifai moja, na mtu yeyote aliye kwa hiyo waifai anaweza kufungua ukurasa wa ruta na kujaribu "admin". Tunanunua ruta za mkono wa pili Luthuli Avenue bila kuuliza nani alizishika kwanza. Ndiyo maana sitaki kusikia mtu akimlaumu shosho ati hakubadilisha pasiwadi. Shosho aliuziwa kufuli. Hakuambiwa kuna funguo zingine.

Msimamo wangu ni huu: kila kampuni inayoleta ruta kwa nyumba ya mtu imwambie, kwa maandishi na kwa lugha anayoelewa, ni akaunti ngapi ziko ndani, nani anazishika, na kama pasiwadi hiyo ni ya ruta yake peke yake au ni ya mtaa mzima. Hatuombi siri zao. Tunaomba kujua nani anaingia kwetu.

Wakati tunangoja, fanya yako leo. Badilisha pasiwadi ya kuingia ndani ya ruta, si ya waifai pekee. Zima uwezo wa kuingia kutoka nje kama unaruhusiwa. Angalia kama programu ya ruta ina toleo jipya. Kisha piga simu kwa kampuni yenu uulize ile akaunti nyingine ni ya nani.

Mimi niliuliza tena wiki iliyopita. Bado wanasema watanirudia. Nami nitaendelea kupiga, maana bili ya mamangu haijawahi kuambiwa ingoje.