Matumizi ya Dawa Nje ya Masharti ya Usajili

Matumizi ya dawa nje ya masharti ya usajili hutokea daktari anapomwandikia mgonjwa dawa iliyosajiliwa, ila kwa ugonjwa, umri au dozi ambayo mamlaka ya dawa haikuipitisha. Watoto ndio wanaoguswa zaidi, kwa kuwa dawa nyingi zilijaribiwa kwa watu wazima tu. Katika miaka ya 1960 daktari Harry Shirkey wa Marekani aliwaita yatima wa tiba.

Kiingereza husema off-label, na hapo tafsiri hukwama. Lebo inayokusudiwa ni maelezo yote yaliyoidhinishwa kuhusu dawa, wala si karatasi ya kwenye chupa peke yake. Asikiaye "nje ya lebo" hudhani dawa ni bandia. "Bila idhini" ni baya zaidi: linamtia hatiani daktari ambaye, katika nchi nyingi, sheria inamruhusu. Neno usajili limezoeleka, lakini "nje ya usajili" hukaribia mno "dawa isiyosajiliwa", ambalo ni jambo jingine kabisa. Kwa hiyo neno masharti lisidondoshwe, hata istilahi ikirefuka.

Hatari ya matumizi hayo ni ya kweli. Mwaka 1959 madaktari wa Marekani walieleza vifo vya watoto wachanga waliopewa kloramfenikoli: ini lao changa halikuweza kuivunja dawa, ikarundikana mwilini, ngozi ikageuka kijivu. Mtoto si mtu mzima aliyepunguzwa kilo. Hata hivyo, njia hiyohiyo imeleta nafuu. Huko Bordeaux, Ufaransa, madaktari waliompa mtoto propranololi, dawa ya moyo, waliona uvimbe mwekundu wa mishipa ya damu usoni mwake ukififia. Walichapisha habari hiyo mwaka 2008. Mwaka 2014 Marekani ikaidhinisha dawa ya maji ya propranololi kwa ajili ya uvimbe huo.

Afrika Mashariki mfano wa karibu ni malaria. Dawa mseto ya artemether na lumefantrine ilisajiliwa kwa watoto kuanzia kilo 5. Mtoto mchanga mwenye uzito mdogo zaidi alipougua, daktari alilazimika kumpa vidonge vya wakubwa wake, kwani kumwacha bila tiba kungekuwa kumwacha afe. Julai 2025 Uswisi iliidhinisha mchanganyiko maalumu wa watoto wa kilo 2 hadi 5, katika tathmini ambayo Tanzania, Kenya na Uganda zilishiriki.