Mswada wa Sheria na Kazi ya Kamati

Mtu wa delta ya Rufiji apatapo mtumbwi mpya, hautii mizigo siku ile ile. Kwanza huukagua tumboni na ubavuni, apate kujua kama upo ufa. Sheria nayo yataka kukaguliwa vivyo hivyo kabla ya kubebeshwa watu, na katika Bunge kazi hiyo hufanywa na kamati. Na tutazame jinsi desturi hiyo ilivyokua katika nchi yetu.

Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilikutana mara ya kwanza mjini Dar es Salaam mwezi wa Desemba 1926, Gavana Sir Donald Cameron akiwa mkuu wa kikao. Waliokuwa maofisa wa serikali walikuwa 13; wasio maofisa walikuwa 7, yaani Wazungu 5 na Wahindi 2. Mwafrika hakuwamo hata mmoja. Kwa desturi iliyotoka katika Bunge la Uingereza, mswada ulisomwa mara tatu. Na baada ya kusomwa mara ya pili, Baraza zima liligeuka kuwa kamati, likaupitia kifungu kwa kifungu. Mswada mgumu uliweza kupelekwa kwa kamati ndogo ya wajumbe wachache, wautazame kwa utulivu.

Utaratibu huo ulikuwa mzuri, lakini ulikuwa na upungufu mkubwa. Maofisa walikuwa wengi, basi serikali ikikataa badiliko, halikupita. Tena mvuvi wa Salale na mkulima wa Kibiti hawakuwa na mtu wao wa kuwasemea. Waafrika wa kwanza, Chifu Kidaha Makwaia wa Usukuma na Chifu Abdiel Shangali wa Uchagga, waliteuliwa mwaka 1945, nao walitoka mbali na pwani. Mwaka 1960 ndipo Bibi Titi Mohamed alipochaguliwa kuwa mjumbe wa Rufiji, naye akashika kiti hicho mpaka alipokikosa katika uchaguzi wa mwaka 1965.

Siku hizi mswada hutangazwa kwanza katika Gazeti la Serikali. Ukiisha kusomwa mara ya kwanza, Spika huupeleka kwa Kamati ya Kudumu inayohusika na jambo lile. Kamati humwita waziri aueleze, kisha huwasikiliza watu wenye habari na wale watakaoguswa na sheria. Baadaye mswada husomwa mara ya pili, na kamati husema mbele ya Bunge yale iliyoyaona. Ndipo Bunge hukaa kama Kamati ya Bunge Zima, likapima kila kifungu. Kisha mswada husomwa mara ya tatu, ukapelekwa kwa Rais autie sahihi.

Faida ya kusikilizwa hujulikana zaidi mahali ilipokosekana. Katika miaka ya 1990 kampuni moja iliomba maelfu ya hekta katika delta ifuge kamba. Mwaka 1997 Baraza la Mawaziri lilikubali, ingawa baraza la serikali la mazingira lilikuwa limeshauri vingine. Baadhi ya wanavijiji waliupenda mradi kwa tumaini la kazi. Wengi waliogopa kupoteza mikoko, mashamba ya mpunga na mahali pa kuvulia, wakaenda mahakamani. Mwishowe mradi haukufanyika. Shauri lile halikuwa mswada, wala halikupita mikononi mwa kamati ya Bunge, na wakati ule haikuwapo sheria kuu ya mazingira iliyolazimisha athari za mradi kupimwa kwanza. Sheria hiyo Bunge liliitunga mwaka 2004, nayo yaamuru athari zipimwe na wenyeji washirikishwe kabla kazi haijaanza.

Basi tusidhani kwamba sheria ni kazi ya wakubwa peke yao. Mabadiliko ni rahisi mswada ukiwa bado mezani pa kamati. Ukiisha kutiwa sahihi, kuubadili ni safari ndefu. Mwenye kujua kusoma na awasomee wenziwe mswada unaohusu ardhi, msitu au uvuvi, kisha maoni ya kijiji yaandikwe, yapelekwe kwa mbunge au kwa kamati yenyewe mapema. Wazee wetu walisema, penye wengi hapaharibiki neno. Lakini wengi wakinyamaza, neno laweza kuharibika mbele yao.