Safari ya Damu Mwilini

Msomaji, weka vidole viwili penye kifundo cha mkono wako, chini ya kidole gumba, nawe utasikia mshipa ukipiga. Kila pigo latoka moyoni. Leo hata mtoto wa shule ajua kuwa moyo husukuma damu. Lakini kwa zaidi ya miaka elfu watu waliamini vingine.

Galen, tabibu Myunani aliyezaliwa mwaka 129 na kufanya kazi Roma, alifundisha kuwa ini hutengeneza damu kutokana na chakula, kisha damu hiyo huenda viungoni ikaishia huko, kama maji yanywewayo na shamba. Alisema pia kuwa damu hupenya matundu yasiyoonekana katika ukuta ugawao moyo. Maneno yake yalishikwa kama sheria. Mnamo mwaka 1242 Ibn al-Nafis, mzaliwa wa Dameski, aliandika kwamba matundu hayo hayapo, na kwamba damu hupita mapafuni kwanza ndipo ifike upande wa kushoto wa moyo. Hata hivyo Galen aliendelea kusadikiwa.

Akaja William Harvey, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1578 na kusomea utabibu Padua, Italia. Yeye alifanya hesabu. Moyo hutoa damu kiasi gani kwa pigo moja, nao hupiga mara ngapi kwa nusu saa? Hata alipokadiria kidogo, jumla iliipita damu yote iliyomo mwilini. Ni chakula gani kiwezacho kufanya damu nyingi hivyo? Hapana budi damu iwe ni ile ile, yaenda na kurudi.

Akafunga mkono wa mtu kwa kitambaa, mishipa ikavimba. Akaisukuma damu kwa kidole kuelekea kiganjani, isiende; maana ndani ya mishipa hiyo mna vilango viiachavyo kupita upande mmoja tu, wa kurudi moyoni.

Mwaka 1628 alitoa kitabu chake, na matabibu wengi wakampinga. Tena swali moja lilibaki: damu huvukaje kutoka mishipa iipelekayo hadi mishipa iirudishayo? Harvey alifariki mwaka 1657 bila kuiona njia hiyo. Mwaka 1661 Marcello Malpighi, Mwitalia, alitazama pafu la chura kwa hadubini, akaiona mishipa myembamba kuliko unywele ikiunganisha pande zote mbili.

Basi, msomaji, waheshimu waliotutangulia kwa elimu. Lakini wasemalo lipime kwa macho, kwa mikono na kwa hesabu.