Takrima

Neno takrima, lenye asili ya Kiarabu na lililo katika ukoo mmoja na karamu na ukarimu, lilibeba heshima tupu hadi mwaka 2000, Sheria ya Uchaguzi ya Tanzania iliporekebishwa ili ukarimu wa kawaida au wa kimila, uliofanywa kwa nia njema, usihesabiwe kuwa rushwa. Tangu hapo sahani ya pilau, doti ya khanga au kilo ya sukari kutoka kwa mgombea ilipata jina la kuisitiri, na neno lenyewe, kwa masikitiko, likachafuka. Aprili 2006 Mahakama Kuu ilivitangaza vifungu hivyo kuwa kinyume cha Katiba, kwa kuwa vilimbagua mgombea maskini asiye na cha kukirimu.

Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010 ilileta msamiati mwingine, ukiwemo "gharama za uchaguzi", yaani fedha na vitu vinavyotumika katika uteuzi, kampeni na uchaguzi, na ikamkabidhi Msajili wa Vyama vya Siasa usimamizi wake. Afisa anayekagua hesabu za mgombea hushika stakabadhi ya mchele na nyama, na hana budi kuuliza kilichopikwa kililiwa na nani: mawakala na wapiga debe waliokuwa kazini, ambao chakula chao ni gharama halali, au wapiga kura walioitwa kushibishwa. Stakabadhi hiyo huonyesha uzito na bei, lakini haiwataji walaji.