Damu juu ya hostia

Mwaka wa 1263, ndivyo inavyosimuliwa, padri mmoja mwenye mashaka alisoma Misa mjini Bolsena, katika Italia, akaona hostia inatoka damu. Kitambaa cha altare chahifadhiwa Orvieto hata leo.

Sasa tutazame bukari. Mwaka wa 1819, huko Legnaro karibu na Padova, bukari ya mahindi ya mkulima mmoja iligeuka nyekundu kama damu. Majirani wakasema ni shetani (na nani kwetu asingeogopa?). Mtengeneza dawa Bartolomeo Bizio akaiambukiza bukari safi, mahali penye joto na unyevu, nayo ikawa nyekundu vilevile. Kiumbe hicho akakiita Serratia. Yeye alidhani ni kuvu. Leo twajua ni bakteria, nayo yaweza kuota hata juu ya hostia.

Je, ndivyo ilivyokuwa Bolsena? Hatuwezi kuapa; mikroskopi haikuwako. Wala imani yetu ya Ekaristia haitegemei rangi: ilikuwako kabla ya padri yule.

Kinachotuuma ni jingine. Kwa ajili ya "damu" ya namna hii Wayuda walisingiziwa kuchoma hostia kwa visu. Mjini Sternberg, katika Ujerumani, 27 walichomwa moto mwaka wa 1492. Huko Deggendorf waliuawa mwaka wa 1338, na wakristu wakaenda kuhiji pale, karne kwa karne, mpaka askofu wa Regensburg alipokomesha hija ile mwaka wa 1992. Bukari ya Legnaro ilikuwa imekwisha kuelezwa miaka 173.