Utatuzi wa muunganisho wa kanzidata kati ya mifumo endeshi tofauti

Utatuzi wa muunganisho wa kanzidata kati ya mifumo endeshi tofauti ni kazi ya kutafuta na kuondoa sababu zinazoizuia programu iliyoko kwenye kompyuta yenye mfumo endeshi mmoja, kwa mfano Windows, kusoma au kuandika taarifa katika kanzidata iliyoko kwenye kompyuta yenye mfumo mwingine, kwa mfano Linux au macOS.

Hali hii ni ya kawaida katika ofisi, hospitali na vyuo: kompyuta za mezani huwa za Windows, ilhali seva huwa ya Linux kwa sababu haina gharama ya leseni. Muunganisho ukikatika, risiti hazitoki, faili la mgonjwa halifunguki na hesabu za siku hazifungwi.

## Mfano wa Kirumba

Kirumba ni kata ya Manispaa ya Ilemela jijini Mwanza, kando ya Ziwa Viktoria. Hapo pana soko la Mwaloni, linalojulikana kwa biashara ya dagaa na samaki wakavu.

Chukulia ghala la kufikirika sokoni hapo. Karani wa mizani anatumia kompyuta ya Windows, mhasibu anatumia kompyuta ndogo ya macOS, na kanzidata ya MySQL imo kwenye seva ya Linux katika chumba cha nyuma. Umeme unakatika usiku. Asubuhi mashine zote zinawaka, lakini karani hawezi kuandika mzigo ulioshushwa. Anayekaa mbele ya seva yenyewe anaifungua kanzidata bila shida. Kwa hiyo kanzidata ni nzima, na kasoro iko njiani.

## Hatua za muunganisho

Ombi la muunganisho hupita hatua kadhaa, na kila hatua inaweza kukwama peke yake:

1. jina la seva kugeuzwa kuwa anwani ya IP;
2. pakiti za mtandao kufika kwenye seva;
3. ukuta-moto kuziruhusu;
4. kanzidata kuwa inasikiliza kwenye mlango uliotajwa;
5. draiva ya mteja na seva kuelewana lugha;
6. jina la mtumiaji na nenosiri kukubaliwa;
7. mtumiaji kuwa na ruhusa ya kusoma au kuandika jedwali analolitaka.

Utatuzi mzuri hufuata mpangilio huu na kubadilisha kitu kimoja kwa wakati. Anayebadilisha nenosiri, draiva na ukuta-moto kwa pamoja hatajua kilichosaidia, na huenda akaacha kasoro mpya nyuma yake.

## Kusoma ujumbe wa kosa

Ujumbe wa kosa huonyesha ombi lilifika wapi. Muunganisho ukikataliwa papo hapo, kwa kawaida mashine imefikiwa, ila hakuna programu inayosikiliza kwenye mlango huo. Ukisubiri muda mrefu kisha ukakatika, mara nyingi anwani si sahihi au ukuta-moto unazitupa pakiti kimya kimya.

Katika MySQL, kosa namba 2003 humaanisha seva haikufikiwa kupitia mtandao. Namba 1130 humaanisha seva imefikiwa lakini kompyuta ya mteja hairuhusiwi kuingia, na 1045 humaanisha jina au nenosiri limekataliwa. Katika PostgreSQL, msimbo 28P01 ni wa nenosiri lisilo sahihi na 3D000 ni wa kanzidata isiyokuwepo.

Amri ya `ping` hupima kama mashine inajibu, lakini haithibitishi kwamba mlango uko wazi, na baadhi ya seva huizuia. Mlango wenyewe hupimwa kwa `Test-NetConnection` kwenye Windows, au `nc` kwenye Linux na macOS. Kwenye seva ya Linux, `ss -tln` huonyesha milango inayosikilizwa. Milango ya kawaida ni 3306 kwa MySQL, 5432 kwa PostgreSQL, 1433 kwa SQL Server na 1521 kwa Oracle.

## Sababu za kawaida

### Anwani iliyobadilika

Ruta nyingi hugawa anwani za IP zenyewe. Baada ya umeme kukatika, seva inaweza kupewa anwani mpya huku programu za wateja zikiendelea kuitafuta ile ya zamani. Dawa yake ni kuipa seva anwani ya kudumu.

### Kanzidata inayojisikiliza yenyewe

Kwenye Ubuntu na Debian, MySQL na PostgreSQL kwa kawaida huwekwa zikisikiliza 127.0.0.1 pekee, yaani maombi ya ndani ya mashine hiyohiyo. Mpangilio wa `bind-address` wa MySQL au `listen_addresses` wa PostgreSQL hubadilishwa, kisha huduma huwashwa upya. PostgreSQL huhitaji pia mstari katika faili la `pg_hba.conf` unaoruhusu kompyuta za mtandao huo. Kwenye Windows, SQL Server Express huwekwa TCP/IP ikiwa imezimwa, hivyo mteja wa Linux hawezi kuifikia hadi iwashwe.

Jina `localhost` nalo huleta mkanganyiko. Kwenye Linux na macOS, mteja wa MySQL hulichukua kuwa faili la soketi, wakati 127.0.0.1 hupita kwenye TCP. Kwenye Windows, `localhost` kwa kawaida hupita kwenye TCP.

### Draiva

ODBC, iliyoanzishwa na Microsoft mwaka 1992, huwezesha programu moja kuzungumza na kanzidata za aina nyingi. Kwenye Windows, programu ya biti 32 huhitaji draiva ya biti 32, hata kama Windows yenyewe ni ya biti 64. Kwenye Linux, kazi hiyo mara nyingi hufanywa na unixODBC, yenye mafaili ya `odbc.ini` na `odbcinst.ini`.

Draiva ya zamani inaweza pia kushindwa kuthibitisha nenosiri. MySQL 8.0, iliyotoka mwaka 2018, ilibadilisha njia yake ya kawaida ya uthibitishaji kuwa `caching_sha2_password`, na wateja wengi wa zamani hawakuifahamu. Suluhisho bora ni kusasisha draiva kuliko kurudisha seva kwenye njia dhaifu.

### Majina na herufi

Kwenye Linux, MySQL hutofautisha herufi kubwa na ndogo katika majina ya majedwali; kwenye Windows haitofautishi. Programu iliyoandikwa kwenye Windows ikiita jedwali `Mizigo` inaweza kulikosa jedwali `mizigo` baada ya kuhamia Linux.

Kiswahili hutumia herufi za kawaida za Kilatini, hivyo matatizo ya usimbaji wa herufi hayaonekani upesi. Hujitokeza kwenye alama ya ritifaa, kama katika neno *ng'ombe* au jina la Wilaya ya Nyang'hwale mkoani Geita. Ritifaa iliyopinda huhifadhiwa kwa baiti moja katika Windows-1252 na kwa baiti tatu katika UTF-8. Pande mbili zisipokubaliana, jina huonekana na alama za ajabu katikati. Hata usimbaji ukiwa sawa, anayetafuta kwa ritifaa iliyonyooka anaweza asilipate jina lililoandikwa kwa iliyopinda.

### Saa

Seva nyingi za kukodi hutumia saa ya UTC, ambayo iko nyuma ya saa ya Afrika Mashariki kwa saa tatu. Rekodi ya saa nane usiku huandikwa kuwa ya saa tano usiku ya siku iliyotangulia. Dagaa wa Ziwa Viktoria huvuliwa usiku kwa taa, hivyo mzigo unaoandikwa kati ya saa sita na saa tisa usiku unaweza kuingia kwenye hesabu za jana. Muunganisho unafanya kazi, lakini taarifa si sahihi.

## Usalama

Kosa la hatari ni kuzima ukuta-moto wote au kufungua mlango wa kanzidata kwa intaneti nzima ili mambo yaende. Mwanzoni mwa mwaka 2017, maelfu ya kanzidata za MongoDB zilizoachwa wazi duniani zilifutwa na wahalifu waliodai fidia. Njia salama ni kuruhusu anwani zinazohitajika tu, au kupitisha muunganisho ndani ya SSH au VPN. Nchini Tanzania, taarifa za watu zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023.

## Kuepuka tatizo

Mifumo mingi ya sasa haimruhusu mtumiaji kuigusa kanzidata moja kwa moja. DHIS2, inayotumiwa na sekta ya afya Tanzania na nchi jirani, huhifadhi taarifa katika PostgreSQL, na OpenMRS, iliyoanza kutumika Eldoret nchini Kenya mwaka 2006, hutumia MySQL. Katika yote mawili mtumiaji hufungua kivinjari, na seva pekee ndiyo huzungumza na kanzidata. Hivyo tofauti za mifumo endeshi hupungua kwa mtumiaji, na utatuzi hubaki kwa msimamizi wa seva.